Daktari Aliyesomea Ng'ambo Apimwe Mbele ya Mgonjwa

Hotuba kwa madaktari vijana waliorudi kutoka masomoni nje ya nchi, wazazi wao na madaktari bingwa wa magharibi mwa Kenya. Kisumu.

Walimu wangu mlioketi hapo mbele, madaktari wenzangu, wauguzi, wazazi, na nyinyi vijana wetu mliorudi nyumbani na vyeti kutoka China, Urusi, Ukraine, India, Misri na kwa majirani zetu wa Uganda na Tanzania: oyawore, mulembe, bwakire, chamgei. Karibuni Kisumu.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ujuzi wa daktari aliyesomea nchi nyingine unavyopimwa kabla hajafunguliwa mlango wa mafunzo ya ubingwa, iwe hapa kwetu au huko Marekani, Uingereza na Canada ambako najua wengi wenu mmeelekeza macho. Niseme mapema ninaposimama. Mimi ni daktari wa watoto, nimewatahini wanafunzi wa udaktari katika eneo hili kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba hatuna njia ya kujua kama mtu anaweza kutibu ila kumwangalia akitibu. Aangaliwe na anayeijua kazi, aangaliwe zaidi ya mara moja na watu zaidi ya mmoja, kisha aambiwe ana kwa ana kilichoonekana. Nimekuja kulitetea hilo.

Chukueni mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa usiku kutoka Nyando. Homa imempanda, na mama anasema degedege limemshika njiani ndani ya matatu. Karatasi ya mtihani itakuuliza dawa ya malaria kali ni ipi, nawe utachagua artesunate bila kusita. Utajua hata kwamba hudungwa anapofika, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24, na kwamba mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Vizuri sana. Lakini karatasi haikuoni ukiingia chumbani. Haioni kama ulianza kwa kutazama anavyopumua, au ulianza kwa kutafuta kalamu. Haioni kama ulikumbuka kupima sukari ya damu, kama ulifungua kiganja cha mtoto ukakilinganisha na cha mama yake, kama vidole vyako vilipogusa tumbo viliikuta bandama au vilipita juu yake tu. Haisikii kama ulimuuliza mama iwapo yuko mtoto mwingine nyumbani aliyewahi kuongezwa damu, swali ambalo huku kandokando ya Ziwa, palipo na selimundu nyingi, ugonjwa wa damu wa kurithi, laweza kugeuza mpango mzima wa matibabu. Wala haisikii ulivyomjibu mama huyo alipokuuliza, kwa sauti ya chini, kama mtoto wake atapona.

George Miller, mwalimu wa udaktari wa Marekani, aliliweka jambo hili mwaka 1990 katika ngazi nne ambazo mpaka leo hatujapata namna bora ya kuzipanga. Kwanza mtu anajua. Kisha anajua namna ya kufanya. Kisha anaonyesha anavyofanya. Na juu kabisa, anafanya, kazini, siku ya kawaida, akiwa amechoka na foleni ikiwa ndefu. Mitihani mingi tuliyoifanya maishani iliishia ngazi ya pili, nasi tukapewa vyeti kana kwamba tumefika juu.

Sasa, kuhusu hii shaka wanayotazamwa nayo waliosomea nje. Hospitali yetu kuu hapa mjini ina jina rasmi la Jaramogi Oginga Odinga, lakini panda bodaboda useme "Russia" na hutaulizwa swali la pili. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ikafunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo wazee wa mji huu wana sababu nyingine, ya uchungu, ya kutoisahau: watu walipigwa risasi wakafa. Miaka hiyo vijana wa Kenya, na wengi wao kutoka huku, walikuwa wamekwenda kusoma Moscow na miji mingine ya Mashariki, baadhi yao katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Waliporudi walikuta mashaka, na mengi ya mashaka hayo yalitokana na siasa za Vita Baridi kuliko namna walivyomshika mgonjwa. Nimefundishwa na madaktari wa kizazi hicho. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusikiliza moyo wa mtoto anayelia: unaiacha stethoskopu kifuani, unatulia, unaipata nafasi ile fupi mtoto anapovuta pumzi kati ya kilio na kilio. Hakuna aliyewahi kumuuliza alijifunza kwa lugha gani.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema "huyu ni wa China" au "huyu ni wa Urusi" wakadhani wamemaliza. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofuatilia wazee wa Marekani, wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliolazwa na kuhudumiwa na madaktari wa magonjwa ya ndani. Kati ya waliotibiwa na madaktari waliosomea nje ya Marekani, asilimia 11.2 walifariki ndani ya siku 30. Kati ya waliotibiwa na madaktari waliosomea humohumo Marekani ilikuwa asilimia 11.6. Tofauti ni ndogo, lakini imeelekea upande ambao wengi hawakuutarajia. Na tusisahau kwamba takriban robo ya madaktari wote wa Marekani walisomea nje. Hata hivyo nawaomba msiusome utafiti huo kwa haraka. Madaktari wale walikuwa wamepita kwenye kichujio kikali, kisha wakafanya miaka mitatu au zaidi ya mafunzo ya ubingwa wakiwa chini ya macho ya watu wengine. Utafiti unatuambia kwamba mahali mtu aliposomea hapatoshi kumhukumu. Hautuambii kwamba kichujio hakina kazi.

Basi tukitazame hicho kichujio, maana hapa ndipo penye mambo.

Zamani, na wenzangu wenye mvi watakumbuka, mtihani wa wadi ulikuwa kesi ndefu. Unapewa mgonjwa mmoja, unakaa naye karibu saa nzima, halafu unaitwa mbele ya watahini wawili wanaokuuliza ulichokipata. Mara nyingi hao watahini hawakuwa wamekuona ukiwa na mgonjwa hata dakika moja. Waliona ripoti yako. Na bahati ilikuwa na mkono mkubwa: mwenzako anapewa mgonjwa wa moyo mwenye mlio unaosikika hadi mlangoni, mkarimu, anayejua historia yake yote, wewe unapewa mzee asiyesikia vizuri, mwenye maradhi matatu kwa pamoja. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walikuja na mtihani wa vituo, huu ambao sote tunauita OSCE. Kila mtahiniwa anapita kwenye vituo vilevile, kengele inalia, anahamia kinachofuata, na kila kituo kina mtahini wake. Kabla ya hapo, mapema miaka ya 1960, Howard Barrows wa Los Angeles alikuwa ameanza kuwafundisha watu wazima wa afya waigize ugonjwa kwa namna ileile kwa kila mwanafunzi. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata mtihani ambao watahiniwa wote wanakutana na mgonjwa mmoja, mwenye maumivu yaleyale, mwenye wasiwasi uleule, anayelificha jambo lilelile mpaka aulizwe kwa upole.

Wengi huniuliza kwa nini vituo vinakuwa vingi hivyo, kumi na mbili, kumi na sita. Sababu yake imewasumbua watafiti kwa miongo kadhaa, na kila mtahini anapaswa kuijua. Mtu akimhudumia vizuri mgonjwa wa pumu, hilo halikwambii sana atakavyomhudumia mama aliyetoka damu baada ya kujifungua. Tungependa kuamini kwamba uhodari ni kitu kimoja mtu anacho au hana. Ukiwapima watu kwa makini unagundua kwamba umefungamana na aina ya tatizo. Kwa hiyo mtahini anayejigamba kwamba dakika tano zinamtosha kumjua daktari hodari anajidanganya, hata awe na miaka 40 kazini. Ili ujue, lazima umwone katika mambo mengi tofauti, na ni afadhali watahini kumi walioona kidogo kila mmoja kuliko mmoja aliyeona kwa muda mrefu, kwa sababu wako watahini wakali kwa asili na wako wapole kwa asili, na mtahiniwa hafai kuadhibiwa kwa tabia ya mtu aliyemwangukia.

OSCE nayo ina ugonjwa wake. Tunapowapa watahini orodha ya kuweka alama (alijitambulisha, aliosha mikono, aliuliza kuhusu dawa), tunawazawadia wanaouliza kila kitu. Daktari mzoefu haulizi kila kitu. Anauliza maswali manne, yanayokata, kisha anaweka mkono panapouma. Huko Canada, mwaka 1999, kina Brian Hodges walionyesha kwamba kwenye orodha za namna hiyo madaktari wenye uzoefu walipata alama za chini kuliko wanafunzi. Wakati huohuo alama ya jumla, ile ambayo mtahini anasema kwa maoni yake huyu amefanyaje, ilitambua uzoefu vizuri zaidi. Kwa hiyo mkimwona mtahini ameshika orodha, mwombeeni awe pia na ruhusa ya kutumia akili yake.

Nije Marekani, kwa sababu naona daftari zimefunguliwa.

Kuanzia mwaka 1998 shirika la ECFMG, linalowathibitisha madaktari waliosomea nje, liliwataka wafanye mtihani wa ujuzi wa wadi huko Philadelphia. Mwaka 2004 ukaingizwa kwenye mitihani ya leseni kwa jina la Step 2 CS, na wanafunzi wa Marekani wenyewe wakatakiwa kuufanya. Ulikuwa na wagonjwa wa kuigiza 12, dakika 15 kwa kila mmoja na dakika 10 za kuandika. Ulifanyika katika miji mitano tu, yote ndani ya Marekani. Ada peke yake ilifika takriban dola 1,600, bado hujaenda ubalozini kutafuta viza, bado hujakata tiketi, bado hujalala hotelini. Kwa kijana wa Siaya au Busia hiyo ni shamba. Najua familia zilizouza.

Machi 2020 Korona iliusimamisha, na Januari 2021 wenye mtihani wakatangaza kwamba haurudi. Siwezi kusema niliusikitikia wote. Mlima wa gharama uliondoka. Lakini pamoja na gharama liliondoka jambo moja kubwa: mahali pekee ambapo kila daktari aliyesomea nje alionekana, kwa macho, akiwa na mgonjwa kabla ya kuanza mafunzo ya ubingwa. Yaliyowekwa badala yake ni njia kadhaa ambazo ECFMG inaziita Pathways. Mwenye leseni kamili ya nchi nyingine ana njia yake. Aliyefaulu mtihani wa vituo uliotumika kumpa leseni ana yake. Zipo njia zinazotegemea ithibati ya chuo alichosoma. Na ipo ya sita, ya yule asiyeingia kwenye nyingine: madaktari wenye leseni wanamwangalia akiwa na wagonjwa halisi katika matukio sita, wanajaza fomu, wanaweka sahihi. Juu ya yote hayo kila anayepita huko anatakiwa kufaulu OET, mtihani wa Kiingereza cha kazi ya udaktari, ambao ndani yake mna mazungumzo na mtu anayeigiza mgonjwa. OET inasikia unavyoongea. Haigusi tumbo.

Fomu ya njia hiyo ya sita inaitwa Mini-CEX, na ningependa kila daktari bingwa aliye hapa aijue hata kama hana mpango wa kumpeleka mtu Marekani. John Norcini na wenzake waliieleza mwaka 1995. Unakaa pembeni dakika 15 au 20, kijana anamhoji mgonjwa au anampima, wewe unanyamaza. Ukishamaliza unaweka alama juu ya kuhoji, kupima, uamuzi, namna alivyomheshimu mgonjwa, alivyomweleza na alivyopanga kazi. Kisha, na hapa ndipo dawa ilipo, unamwambia palepale alichofanya vizuri na anachopaswa kubadilisha kesho asubuhi. Haihitaji jengo. Haihitaji waigizaji. Inahitaji daktari mkubwa akae kimya robo saa, jambo ambalo, jamani, kwetu ni gumu kuliko kununua mashine.

Mmeona maana yake? Uzito wa uthibitisho umehama kutoka Philadelphia ukaja Kisumu, Kakamega, Eldoret, Nakuru. Sahihi ya daktari wa hapa ndiyo inayomwambia mgonjwa wa Chicago kwamba mtu huyu ameonekana akifanya kazi. Kwa hiyo nawaambia wenzangu kwa ukali kidogo: ukiweka sahihi juu ya tukio ambalo hukuliona, umemdanganya mgonjwa usiyemjua, na umewachafulia njia watoto wote watakaomfuata huyo. Na nyinyi vijana, msimwendee mtu na bahasha. Anayeuza sahihi ataiuza pia kwa asiyejua chochote, halafu yake na yako zitakuwa na bei moja.

Kwingine nitapita haraka. Uingereza wanao mtihani wa PLAB kwa waliosomea nje, na sehemu yake ya pili hufanyika Manchester, vituo 16 vya dakika nane nane. Canada wanao mtihani wa NAC, nao wa vituo, kwa waliosomea nje wanaotaka kuingia mafunzo ya ubingwa. Na kwa madaktari ambao tayari wamefanya kazi kwao, baadhi ya majimbo huwaweka hospitalini au kliniki wiki 12 wakitazamwa kazini kabla ya kuwapa leseni. Huo mpango wa wiki 12 naupenda, nitaurudia. Uingereza kuna kesi moja ya kuikumbuka, iliyoamuliwa mwaka 2014: chama cha madaktari wenye asili ya India kilikishtaki chuo cha madaktari wa familia, kwa sababu waliosomea nje walikuwa wanafeli mtihani wake wa vituo kwa kiwango kikubwa mno kuliko wenzao. Jaji aliamua mtihani ni halali, lakini akasema wakati umefika wa chuo hicho kuchukua hatua. Tukipanga yetu, tusisubiri kushtakiwa.

Sasa nyumbani. Mkenya aliyesomea udaktari nje ya Afrika Mashariki anatakiwa kufaulu mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kabla ya kupangiwa hospitali kuwa daktari mwanagenzi. Kisha ana mwaka mzima wa kuzunguka wadi, akisimamiwa. Baada ya leseni ndipo anaweza kuomba ubingwa, kwa mfano Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret, au kwa upasuaji katika chuo cha COSECSA chenye makao Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho huwafunza madaktari wapasuaji ndani ya hospitali zilizoidhinishwa, Tenwek ikiwa mojawapo.

Kinachoniuma ni miezi ya katikati. Kijana anarudi, anangoja mtihani, anangoja matokeo, anangoja nafasi ya uanagenzi. Mgomo wa 2024 uliochukua siku 56 ulihusu pamoja na mengine malipo ya wanagenzi hawa, zile shilingi 206,400 za mkataba wa 2017 ambazo serikali ilitaka kuzishusha hadi 70,000. Wakati sisi wakubwa tukibishana, mikono ya kijana ililala. Kushona kidonda, kuingiza sindano ya dripu kwenye mshipa wa mtoto mchanga, kusikia maji ndani ya pafu, hayo yanafifia yasipofanywa. Kisha tunamwita kwenye mtihani siku moja, anatetemeka, tunasema vyuo vya nje ni vibaya.

Tena, wengi wao wamebeba tatizo ambalo si kosa lao. Waliosomea China kwa Kiingereza wameniambia mara nyingi kwamba mihadhara ilikuwa ya lugha wanayoijua na wagonjwa walikuwa wa lugha wasiyoimudu, hivyo wakasimama nyuma ya kundi wakitazama migongo ya wengine. Aliyesomea Ulaya anaweza kuwa hajawahi kumwona mtoto mwenye malaria ya ubongo hata mmoja. Ana akili, ana vitabu, hana mgonjwa. Mtu wa namna hiyo ukimpima siku moja ukampa "amefeli", hujamsaidia yeye wala hujamlinda mgonjwa, kwa sababu hukumwambia pa kuanzia.

Pendekezo langu, linalofanana na ule mpango wa Canada wa wiki 12, ni hili, na nimelizungumza na baadhi yenu faraghani. Kabla ya mtihani wa Baraza, hospitali kubwa za eneo hili ziwapokee waliorudi kwa wiki nane, wakiwa chini ya usimamizi, bila kuachiwa mgonjwa peke yao. Wiki mbili watoto, mbili akina mama, mbili upasuaji, mbili magonjwa ya ndani. Kila wiki kila mmoja atazamwe mara mbili kwa fomu kama ile niliyoieleza, na asitazamwe na mtu yuleyule mara zote. Wauguzi waulizwe. Naomba mlisikie hilo: wauguzi waulizwe. Muuguzi wa zamu ya usiku anajua kama daktari alikuja alipoitwa, kama alisoma faili, kama alimwamsha mkubwa wake alipozidiwa au aliona haya. Hakuna kituo cha OSCE kitakachokuonyesha hayo.

Mtaniambia madaktari bingwa ni wachache, na ni kweli. Lakini robo saa mara mbili kwa wiki inaingia ndani ya raundi ambayo tayari unaifanya. Mtaniambia pia, ingawa hamtasema kwa sauti, kwamba huku tunajuana mno, kwamba huyu ni mtoto wa fulani na yule ni wa kwetu. Hili ndilo ninaloliogopa zaidi, na ndiyo sababu nataka hospitali zibadilishane watahini. Wa Nakuru waje Kisumu, wa Kisumu waende Kakamega, wa Kakamega wapande Eldoret. Mtahini asiyejua jina la baba yako atakuona wewe.

Kwa mtihani wa vituo, nasi hatuhitaji kuagiza waigizaji kutoka mbali. Vikundi vya maigizo vipo mjini hapa. Wahudumu wa afya ya jamii wanajua kwa undani jinsi mgonjwa wa kijijini anavyosimulia maumivu yake, anavyozunguka, anavyolitaja jambo kubwa akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Tuwafundishe hao. Na vituo vingine viwe vya Kiswahili, viwili au vitatu viwe vya mgonjwa anayezungumza Kidholuo au Kibukusu pekee, akiwa na mtoto wake wa kumtafsiria. Tuone kama daktari anazungumza na mama au anazungumza na mtafsiri. Mgonjwa ambaye wengi wenu mtamhudumia kwa miaka 30 ijayo ni huyo, na sijaona mtihani unaomleta.

Vijana, hata mpango huu usipokubaliwa mwaka huu, msikae nyumbani. Tafuteni kozi ya ETAT+, ile ya huduma ya dharura kwa watoto iliyokuzwa hapahapa Kenya, ambayo mwishoni mtu anapimwa akifanya kwa mikono yake. Ombeni mtazamwe. Neno "daktari, naomba uniangalie nikimpima huyu" halimshushi mtu hadhi. Na wanaotaka kwenda Marekani, Uingereza au Canada, mimi siwazuii wala siwalaani. Ningependa mbaki, watoto wa Nyando wanawahitaji, lakini aliyeamua kwenda na aende akiwa daktari aliyeonekana. Barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu aliyekuona ukikosea Jumatatu na ukarekebisha Alhamisi ina nguvu kuliko ya profesa mwenye jina kubwa aliyekusalimia koridoni.

Wazazi, mmelipa karo nzito, na wengine mnaona miezi inapita mnadhani mtoto amekwama. Msimharakishe apate sahihi. Mwulizeni ni wagonjwa wangapi wiki hii amewagusa, na nani alikuwepo.

Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi mbili. Daktari bingwa yeyote aliye tayari kutoa robo saa mara mbili kwa wiki aandike jina lake, wadi yake na siku inayomfaa kwenye ya kwanza. Vijana, kwenye ya pili andikeni jina na idara ambayo mnahisi mikono yenu imelala zaidi, msione haya. Dada yetu muuguzi mkuu amekubali kuzioanisha karatasi hizo tukiwa kwenye chai, ili kila kijana aondoke akijua anakwenda wadi gani na anamwona nani. Wa kwangu, wa watoto, waje Jumanne saa mbili asubuhi, kabla raundi haijaanza, na kila mmoja aje na stethoskopu yake.